Kuku wa Nyama na Mifupa Yake: Chokaa Peke Yake Haitoshi

Hakuna jambo limhuzunishalo mfugaji wa kuku wa nyama kama kuingia bandani asubuhi, katika juma la tatu, na kuwakuta vifaranga wake wameketi kando ya chombo cha chakula, wameshiba, macho yao maangavu, lakini hawasimami. Akimwinua mmoja, huenda hatua mbili tatu akiyumba, kisha huketi tena juu ya kile kiungo tukiitacho goti la kuku, ingawa kwa kweli si goti bali ni kifundo cha mguu. Goti lenyewe limejificha juu, chini ya manyoya. Hapo majirani huja na mashauri yao. Wa kwanza atasema ni kideri. Wa pili atasema ni baridi ya sakafu. Wa tatu atasema, "Mama, waongezee chokaa katika chakula." Huyu wa tatu ameikaribia kweli kuliko wenzake, na kwa sababu hiyo shauri lake ni la hatari zaidi, maana chokaa ikiongezwa bila kipimo yaweza kuwaharibu hata wale waliokuwa wakitembea vizuri.

Ugonjwa huu mara nyingi ni matege, yaani ule ule uwapatao watoto wa watu wakakua na miguu iliyopinda. Ili tuujue asili yake, yatupasa kwanza kufahamu jinsi mfupa ujengwavyo.

Mfupa wa kifaranga hauanzi ukiwa mgumu. Hujengwa kama nyumba ya udongo: kwanza husimamishwa miti na fito, kisha hukandikwa. Fito za mfupa ni nyama ngumu kama ile gegedu iliyo katika sikio la mtu, nayo hupinda bila kuvunjika. Udongo wake ni madini mawili yaliyoshikamana, kalsiamu na fosforasi, na katika mfupa uliokomaa kalsiamu huwa kama sehemu mbili kwa sehemu moja ya fosforasi. Kifaranga mwenye matege amesimamishiwa fito kama wenzake, lakini hakukandikwa. Mwili unazidi kuwa mzito kila siku, na nyumba inalemewa na paa lake.

Kwa kuku wa kienyeji jambo hili ni nadra, na sababu yake si ngumu kuiona. Kuku huyo hukua polepole, hushinda juani, huparua wadudu na konokono, na udongo wake hukandikwa kwa kadiri fito zinavyosimama. Kuku wa nyama wa siku hizi ni kiumbe mwingine kabisa. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Alberta, huko Canada, walitangaza mwaka 2014 matokeo ya kufuga pamoja kuku wa mbegu tatu, wakiwalisha chakula kimoja. Kuku wa mbegu ya mwaka 1957 alipofika siku 56 alikuwa na uzito wa gramu 905. Yule wa mwaka 1978 alikuwa na gramu 1,808. Na yule wa mwaka 2005 alikuwa na gramu 4,202. Siku ni zile zile, chakula ni kile kile, lakini mwili ni zaidi ya mara nne. Mzigo wote huo umewekwa juu ya miguu miwili ya mtoto, kwa maana hata siku anapochinjwa kuku huyu bado ni kifaranga kwa umri. Basi kosa dogo la lishe ambalo kuku wa kienyeji angelivumilia miezi mingi, kuku wa nyama hulilipia katika siku kumi na nne.

Sasa tuje kwa vitamini D. Kalsiamu iliyomo katika chakula haina faida ikipita tumboni na kutoka nje. Ni lazima ivuke ukuta wa utumbo na kuingia katika damu, na mwenye ufunguo wa mlango huo ni vitamini D. Mtu aweza kumlisha kuku chokaa nyingi sana, lakini ikiwa mwenye ufunguo hayupo, kiasi kikubwa kitaishia katika kinyesi. Vitamini hii nayo haifanyi kazi mara tu ipatikanapo. Hupelekwa kwanza katika ini, na huko hubadilishwa. Kisha hupelekwa katika figo, ambako hubadilishwa mara ya pili na kuwa homoni yenye nguvu, ndipo hurudi utumboni kufungua mlango. Kwa hiyo kuku ambaye ini lake limeharibiwa na sumu ya kuvu ya mahindi yaliyovunda aweza kuonyesha dalili za upungufu hata kama vitamini ilitiwa katika chakula chake. Wako wanunuao mahindi meusi yenye ukungu kwa bei rahisi wakidhani kuku hawabagui. Hao na wakumbuke jambo hili.

Vitamini D hupatikana kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni jua. Katika ngozi ya kuku, na zaidi katika ngozi ya miguu isiyo na manyoya, kuna mafuta ya namna fulani ambayo yakipigwa na miali ya urujuanimno, isiyoonekana kwa macho, hugeuka kuwa vitamini D. Njia ya pili ni kula. Mafuta ya ini la samaki yanayo kwa wingi, lakini mahindi na soya kwa kweli hayana ya kutegemewa.

Elimu hii haikupatikana kwa siku moja. Mwaka 1919 daktari Mwingereza, Edward Mellanby, alieleza jinsi alivyowafuga watoto wa mbwa ndani ya nyumba kwa chakula kilicho zaidi nafaka, wakapata matege, na jinsi walivyopona walipopewa mafuta ya ini la samaki. Mwaka 1922 Mmarekani Elmer McCollum aliiharibu vitamini A iliyomo katika mafuta hayo kwa joto na hewa, akaona ya kuwa bado yaponya matege. Basi akajua ya kwamba kuna kitu kingine ndani yake, akakiita vitamini D. Katika miaka ile ile wataalamu wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, akiwamo Harry Steenbock, walikuwa wakichunguza udhaifu wa miguu ya vifaranga, na Steenbock akaonyesha ya kwamba hata chakula kikipigwa na miali ile hupata nguvu ya kuzuia matege.

Twaitaja habari hii kwa sababu bila hiyo kazi ya kuku wa nyama isingalikuwapo kama tuionavyo leo. Mwaka 1923, huko Ocean View katika jimbo la Delaware, Marekani, mwanamke aitwaye Cecile Steele aliagiza vifaranga 50, naye akaletewa 500 kwa makosa. Hakuwarudisha, aliwafuga akawauza kwa nyama, na wengi huhesabu siku ile kuwa mwanzo wa biashara hii. Lakini kuwafuga kuku maelfu ndani ya nyumba mwaka mzima, hata katika majira ya baridi yasiyo na jua la kutosha, kuliwezekana vizuri pale tu ilipojulikana ya kuwa jua laweza kutiwa katika chakula.

Hapa msomaji wa Kenya ataweza kuuliza: "Sisi tunaokaa chini ya jua la ikweta tuna haja gani na vitamini ya dukani?" Swali hili ni la haki, na jibu lake ni kwamba jua liko nje na kuku wako ndani. Paa la mabati halipitishi mwali hata mmoja. Kioo cha dirisha hupitisha mwanga na joto, lakini miali ile itengenezayo vitamini D huizuia karibu yote. Karatasi ya plastiki iliyofungwa ubavuni mwa banda kuwakinga vifaranga na upepo wa Limuru au wa Kinangop nayo si ya kutumainiwa, hasa ile iliyotengenezwa kwa kuzuia miali hiyo. Kwa hiyo banda laweza kuwa na mwanga mwingi hata mtu akasoma gazeti ndani yake, na kuku wakawa katika giza kwa habari ya vitamini D. Kuwatoa nje kwafaa kwa mwenye kuku wachache na uwanja uliozungushiwa waya. Lakini jua la asubuhi sana, likiwa bado chini, miali yake hiyo ni michache, na jua la mchana kuku wa nyama hawalistahimili muda mrefu kwa sababu ya joto. Mwenye kuku mia tatu hana budi kuitegemea vitamini iliyo katika chakula.

Kiasi kitakiwacho ni kidogo cha kustaajabisha. Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1994, liliandika kuwa kuku wa nyama ahitaji vipimo 200 vya kimataifa vya vitamini D3 katika kila kilo ya chakula. Hicho ni kiasi cha chini kabisa. Watengenezaji wa chakula hutia mara nyingi zaidi ya hapo, vipimo 2,000 mpaka 5,000, kwa sababu kuku wa leo hukua haraka na vitamini hupungua nguvu ghalani. Hata hivyo, gramu moja tu ya vitamini D3 halisi yatosha kilo 20,000 za chakula kwa vipimo 2,000. Angalia pia neno D3. Kuna namna nyingine, D2, imfaayo mwanadamu. Lakini kwa kuku nguvu yake ni kama sehemu moja ya kumi tu. Usinunue dawa ya watu ukadhani umefanya busara.

Tuingie sasa katika hesabu, maana hapa ndipo fedha hupotea. Tuchukue mfano wa mama anayechanganya chakula mwenyewe kwa sababu bei ya gunia imemshinda. Anatwaa mahindi kilo 62 na mashudu ya soya kilo 34 ili apate karibu kilo mia za chakula cha vifaranga. Protini si mbaya, na vifaranga wanakula kwa hamu. Lakini mahindi yana kalsiamu ya gramu 20 tu katika kilo mia, nayo mashudu ya soya yana kama gramu 300 katika kilo mia. Kwa hiyo mahindi yake yameleta gramu 12, na soya gramu 102. Jumla gramu 114. Kitabu kile cha 1994 chataka asilimia 1 katika majuma matatu ya kwanza, yaani gramu 1,000 katika kilo mia. Amewapa vifaranga wake kama sehemu moja ya tisa ya haki yao.

Aongeze nini? Wengi watasema chokaa, na wakiishia hapo wamekosea, kwa sababu fosforasi nayo haitoshi. Fosforasi imo katika nafaka, lakini kama theluthi mbili zake zimefungwa katika kitu kiitwacho fitati, ambacho tumbo la kuku haliwezi kukifungua vema. Ndiyo maana siku hizi watengenezaji wengi hutia kimeng'enya cha fitase, kinachokata kamba hiyo. Mama huyu hana. Basi na atie kwanza kilo 1.8 za daikalsiamu fosfeti, ambayo ina kama asilimia 22 ya kalsiamu na 18 ya fosforasi. Hiyo itampa gramu 396 za kalsiamu, na gramu 324 za fosforasi iliyo wazi kwa matumizi. Kalsiamu iliyobaki kutafutwa ni kama gramu 490. Chokaa safi ya mifugo ina asilimia 38, basi kilo 1.3 zatosha. Ndipo aongeze chumvi, mchanganyiko wa vitamini na madini madogo, na vitu vingine atakavyoelezwa na afisa wa mifugo, maana mfano huu ni wa kueleza habari ya mifupa tu, si chakula kamili. Kuku wakisha kupita majuma matatu, kalsiamu hupunguzwa mpaka asilimia 0.9, na baada ya majuma sita mpaka 0.8.

Wako watumiao unga wa mifupa badala ya fosfeti ya dukani. Si vibaya, maana una kalsiamu na fosforasi pamoja, lakini uwe umepikwa kwa mvuke kiwandani. Mifupa ya kuokotwa na kusagwa nyumbani yaweza kuleta kimeta, na huo ni ugonjwa uuao watu. Omena pia huleta madini haya kwa miiba yake. Ila omena nyingi huanikwa juu ya mchanga wa ufuoni, na mchanga huongeza uzito wa gunia bila kuongeza lishe. Fosfeti ya mawe ghafi, kama ile ichimbwayo Minjingu, Tanzania, ni mbolea. Ina florini nyingi, isipewe kuku.

Na hata neno chokaa lenyewe lataka uangalifu. Chokaa ya mifugo ni mawe yaliyosagwa bila kuchomwa, kama yale yachimbwayo Koru, au makombe ya baharini yaliyosagwa. Chokaa ya kupaka kuta ni mawe yaliyochomwa. Huunguza kinywa na utumbo wa kifaranga, wala haifai kabisa. Ukitaka kujua kama unga uliouziwa ni chokaa ya mifugo kweli au ni vumbi jeupe tu, utie kijiko kimoja katika kikombe na kuudondoshea maji ya ndimu au siki. Chokaa hutoa mapovu. Vumbi la mawe mengine hutulia kimya.

Tulisema ya kwamba kuzidisha chokaa ni hatari, na sasa tutoe sababu. Kwanza, kalsiamu nyingi tumboni hushikamana na fosforasi, zikatoka pamoja nje. Kuku akapata matege kwa kukosa fosforasi huku chombo chake kimejaa chokaa. Pili, huzuia zinki na manganisi zisiingie mwilini, na kifaranga asiye na manganisi mshipa wa kisigino huchomoka mahali pake, mguu ukageuka upande, wala haurudi. Tatu, figo hulemewa. Jambo hili huonekana zaidi kwa wale wanaowapa kuku wa nyama chakula cha kuku wa mayai, ama kwa sababu duka lilikuwa limeishiwa, ama kwa sababu jirani amebakiza gunia. Kuku atagaye ahitaji kalsiamu ya asilimia 3.5 mpaka 4 kwa ajili ya maganda ya mayai. Hiyo ni karibu mara nne ya haki ya kuku wa nyama. Kifaranga aliyelishwa hivyo hunywa maji mno, matandiko ya banda hulowa, naye akifa na kupasuliwa, figo huonekana zimevimba, na pengine moyo na ini vimefunikwa unga mweupe kama majivu. Mwenye kuku wa nyama na kuku wa mayai katika boma moja na aweke magunia yao mbalimbali, na kuyaandika kwa herufi kubwa ambazo hata mtoto anayetumwa kulisha atazitambua.

Si kila kilema cha miguu ni matege. Kuku wa kideri hupindika shingo, hukohoa, hutoa kinyesi cha kijani, na vifo huja kwa wingi. Ukiona kiungo kimoja kimevimba na kina moto, huenda ni vijidudu vimeingia kupitia jeraha. Matege hushika wengi pamoja, kwa kawaida kati ya juma la pili na la nne, miguu yote miwili. Shika mdomo wa kifaranga: ukiwa walegea na kupinda kama mpira, hiyo ni dalili kubwa. Katika mzoga, tazama mahali mbavu zinapounganika na uti wa mgongo. Mara nyingi pana vifundo vidogo vidogo kama shanga. Kisha utoe mfupa wa muundi na kuukunja kwa mikono miwili. Mfupa mzima huvunjika kwa kishindo kama kijiti kikavu. Wenye matege hupinda kama kijiti kibichi.

Ukiwa umethibitisha, usichelewe. Ondoa chakula chote kile, ulete kingine kipya kutoka kwa mtengenezaji mwaminifu, na umwendee daktari wa mifugo kwa vitamini D3 ya kutia katika maji. Kwa kawaida hutolewa mara tatu ya kiasi cha kila siku kwa majuma mawili au matatu, si zaidi, kwa kuwa vitamini hii ikipita mpaka huweka chokaa ndani ya figo na mishipa ya damu. Weka vyombo vya maji na chakula chini, karibu na wale wasioweza kutembea, kwa sababu wengi hufa kwa kiu wala si kwa matege yenyewe. Wale ambao mifupa haijapinda watasimama. Waliokwisha kupinda hawatanyooka.

Kwa mwenye kuchanganya mwenyewe lipo jambo moja zaidi. Mchanganyiko wa vitamini hutiwa robo au nusu kilo tu katika kilo mia. Ukiumwaga wote juu ya rundo na kugeuza kwa koleo mara tatu, kuku mmoja atapata yote na mwingine hatapata kitu. Uchanganye kwanza na kilo moja ya unga wa mahindi katika beseni, kisha hiyo na kilo tano, kisha hizo na kilo ishirini, ndipo uingize katika rundo kubwa. Uhifadhi mfuko mahali pa baridi, pakavu, penye giza. Usiuache wazi karibu na chokaa na chumvi, maana madini, joto na unyevu huila vitamini kidogo kidogo. Soma tarehe iliyopigwa juu yake kabla ya kulipa. Mwenye duka akikuuzia kwa kijiko kutoka katika mfuko uliofunguliwa tangu mvua zilizopita, umenunua unga wa manjano.

Mwisho, wengi huuliza kama kuku mwenye matege afaa kuliwa. Ugonjwa huu hauambukizi mtu wala kuku mwingine, na nyama yake haina dhara ikiwa kuku ni mzima kwa mambo mengine. Lakini ikiwa alikwisha kupewa dawa za vijidudu kwa kubahatisha kabla matege hayajatambuliwa, asichinjwe mpaka zipite siku zilizoandikwa juu ya chupa ya dawa hiyo.